MAJI YA KINJEKETILE BADO YANAGAWIWA

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya vijana wenzangu hapa Singida mjini. Wengi hawakupata nafasi ya kuingia, wakaniomba niyaandike gazetini. Nimeyaacha kama nilivyoyasema, ili na wewe msomaji ujione umekaa kwenye benchi pamoja nasi.)

 

Mimi si mwanasiasa wala si mhadhiri. Niliishia kidato cha nne, na ninaishi kwa kalamu. Habari yangu ikitoka, nakula. Isipotoka, nakunywa maji nalala. Kwa hiyo nikisema kwamba leo nitazungumzia maji, msidhani nazungumzia jambo la mbali.

Nilipoombwa nizungumzie filamu na michezo ya kuigiza ya kihistoria, mwenzetu mmoja alicheka. Akaniambia, "Bwana wewe, watu wana njaa, unawaletea maigizo?" Swali zuri. Lakini na mimi namuuliza: anayekuja kwetu kila baada ya miaka mitano, akapanda jukwaani, akabadilisha sauti, akalia machozi yasiyo na chumvi, akashuka na kupanda gari lenye vioo vyeusi, huyo ni nani kama si mwigizaji? Sisi tumeshazoea kulipa kiingilio kwenye vibanda vya video kutazama wafalme wakipinduliwa na wapambe wakiuzana. Tukitoka nje tunasema ni filamu tu. Hebu leo tuulizane kama kweli ni filamu tu.

DAFTARI LA MHESHIMIWA

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana anayetaka kuhukumu wengine aanze kwa kujivua nguo.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, nami ndiyo kwanza nimemaliza shule. Kigogo mmoja alikuja kijiweni kwetu. Sitamtaja jina wala chama chake, na mnaotafuta kumbukumbu msijisumbue. Akakaa kwenye benchi letu lililovunjika mguu, akala mahindi ya kuchoma pamoja nasi, akatoa daftari. Akaandika majina yetu mmoja mmoja. Kila aliyeandikwa, alisema, atapata mtaji baada ya matokeo.

Tulipewa fulana. Tuliimba hadi sauti zikakauka. Rafiki yangu mmoja, mfanyabiashara wa kuku, kuku hawa hawa wa Singida wanaosifiwa hadi Dar es Salaam, aliuza matenga yake yote akakodi gari la kubeba vijana kwenda kwenye mkutano wa mheshimiwa. Aliambiwa fedha zake zitarudi na nyongeza juu.

Siku ya pili yule kigogo alirudi, akatuuliza majina yetu tena. Alikuwa na daftari jingine, jipya, halijaandikwa hata ukurasa mmoja. La kwanza halikuonekana. Mimi niliona. Nilijua palepale kwamba tumechezewa kiini macho. Nikanyamaza. Fulana ilikuwa mpya, na kwa mara ya kwanza tangu nimalize shule watu walikuwa wananiita kwa jina langu.

Matokeo yalipotoka tulikwenda nyumbani kwake. Mlinzi akatuambia mheshimiwa amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Rafiki yangu hakurudi tena kwenye biashara ya kuku. Alipanda basi la Dar es Salaam bila kuniaga, nami sikustahili kuagwa, maana mimi ndiye niliyekuwa nimemwambia, "Huyu jamaa ni mtu wa watu."

Ndugu zangu, shikeni kisa hicho mkononi. Tutakirudia.

MTU ALIYETOKA MTONI

Wengi wetu tulikisoma kitabu cha Kinjeketile shuleni. Tulikariri dhamira na ujumbe kwa ajili ya mtihani, kisha tukakisahau kama tulivyosahau kanuni za hesabu. Nawaomba mkisome tena sasa, mkiwa na njaa na ndevu.

Mwandishi wake, Ebrahim Hussein, alizaliwa Kilwa mwaka 1943. Tamthiliya hiyo ilichapishwa mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Kila pembe ya nchi ilikuwa imejaa ahadi. Yeye akaandika habari za vita vya Majimaji, vita vya babu zetu. Lakini hakuandika wimbo wa kusifu. Alitaka kujua watu hufanywa nini na ahadi waliyoiamini.

Mchezo unaanza na njaa. Watu wanalima shamba la Mjerumani huku mashamba yao yakiota majani. Binti wa Kitunda anachukuliwa na askari, na baba yake, mwanamume mwenye nguvu zake, anashindwa kufanya lolote. Wanaume wanapokutana kupanga, wanaogopana. Mtu wa kabila hili anamshuku wa kabila lile. Kila mmoja ana hasira, lakini hasira ya mmoja mmoja ni kama njiti moja ya kiberiti kwenye upepo wa Singida.

Ndipo Kinjeketile anachukuliwa na pepo Hongo hadi mtoni. Anazama. Watu wanaamini amekufa. Siku ya pili anatoka mzima, na anatoka na dawa. Atakayeipata, risasi za Mjerumani hazitamdhuru. Mara moja waliokuwa wakishukiana wanakuwa ndugu. Kilichowashinda kwa miaka kimewezekana kwa kibuyu kimoja cha maji.

Hapo ndipo penye utamu na uchungu wa mchezo ule. Yale maji ni kiini macho. Lakini umoja ulioletwa na maji ni wa kweli. Mikono iliyoshikana ni ya nyama na damu. Sasa ukivunja kiini macho, utabaki na umoja? Na ukikiacha, utabaki na watu?

Kinjeketile mwenyewe ndiye wa kwanza kutilia shaka. Akiwa amepandwa na pepo, kinywa chake kilitamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Fahamu zinapomrudia, anashtuka. Yaani tumwage damu kumwondoa Mjerumani ili turudi chini ya Sultani? Tena Seyyid Said mwenyewe alikwisha kufariki mwaka 1856, miaka 49 kabla ya vita. Watu walikuwa wakiahidiwa uhuru kwa jina la bwana mwingine, tena marehemu.

Anawaambia wasubiri, wasipigane mpaka yeye aseme. Lakini habari imeshamtoka mkononi. Watu wana maji, watu wana hasira, nani amsikilize mtu anayesema subiri? Aliyewapa nguvu hana tena nguvu juu yao. Wanakwenda, na bombomu la Mjerumani linawajibu.

YALIYOTOKEA KWELI

Katika historia anaitwa Kinjikitile Ngwale, wa Ngarambe. Mwezi Julai 1905, watu wa Nandete katika nchi ya Wamatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Hiyo ndiyo iliyokuwa tarumbeta ya vita. Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliivamia boma ya Mahenge wakakutana na bombomu. Walianguka kama mtama. Vita viliendelea hadi mwaka 1907, na kilichoua zaidi kuliko risasi ni njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Wao wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wetu wanataja 250,000 hadi 300,000.

Angalieni alichokifanya Hussein. Kinjikitile wa kweli alinyongwa mapema, hakuyaona maiti ya Mahenge. Kinjeketile wa jukwaani ameongezewa uhai ili aone watu wakipukutika kwa ajili ya neno lake. Baadhi ya watu wanaweza kusema amepotosha historia. Mimi nasema amemfikisha mtu yule mbele ya hesabu yake. Kila anayewapa watu ahadi angeongezewa uhai namna hiyo, akaoneshwa mwisho wake, wengi wangefunga midomo.

Mwishoni yuko kifungoni. Afisa wa Kijerumani anataka kitu kimoja tu: aseme kwamba maji yale yalikuwa uongo. Na yeye sasa anajua hayazuii risasi. Anakataa.

Nilipokuwa shuleni nilidhani ni ukaidi. Leo naelewa. Afisa yule hatafuti ukweli. Anataka kuchukua ukweli mmoja mdogo, kwamba maji hayazuii risasi, aufanye kifuniko cha uongo mkubwa, kwamba watu wale hawakuwa na sababu ya kupigana. Angewaambia watoto wao: baba zenu walikosea kudai haki. Kinjeketile anakataa kumpa mkoloni neno hilo.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani katika vita hivyo. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 110. Hakuna aliyekuja kutuomba tukiri kwamba maji yalikuwa uongo. Swali la haki ndilo lililobaki.

KAMBI YA UWANDANI

Msidhani haya ni ya Afrika peke yake. Kuna nchi ya Ulaya inaitwa Hungaria. Watu wake waliasi utawala wa Austria mwaka 1848, wakavunjwa mwaka uliofuata. Waliasi tena mwaka 1956, safari hiyo vifaru vya Urusi vikaingia mjini Budapest. Miaka kumi baadaye, mwaka 1966, mtengeneza filamu Miklós Jancsó alitoa filamu iitwayo Szegénylegények. Niliiona kwenye kompyuta ya rafiki, bila mtafsiri wa kutuwekea maneno ya Kiswahili. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, haina mapigano ya kurushiana ngumi, lakini nilitoka jasho.

Ni kambi ya wafungwa katikati ya uwanda mpana, tambarare, kama uko njia ya Manyoni unatazama mpaka jicho linachoka. Wafungwa wanashukiwa kuwa wafuasi wa mwasi aitwaye Sándor. Wakuu wa kambi hawapigi kelele. Wanapangapanga watu kama waigizaji: simama hapa, tembea kule, vaa kofia ya gunia inayofunika uso. Mfungwa mmoja mwuaji anaambiwa: ukitupatia mtu aliyeua wengi kuliko wewe, utaachiwa. Anaanza kunyooshea wenzake vidole. Usiku wenzake wanamnyonga. Wakuu wanawasaka waliomnyonga, na kamba inazidi kukazwa.

Mwisho wake ndio unaotuhusu. Wafungwa wanapangwa kuwa kikosi cha jeshi. Kisha linasomwa tangazo: Sándor amesamehewa! Wanaume wale wanashangilia na kuimba. Kwa kushangilia wamejitaja wenyewe. Ndipo inasomwa sehemu ya pili ya tangazo: yeye amesamehewa, ila waliomfuata wataadhibiwa. Filamu inakwisha nyuso zikiwa zimefunikwa.

Umeona mchezo huo? Huko Ngarambe kiini macho kilitoka kwa mnyonge, akitafuta nguvu ya kuungana. Huko uwandani kimetoka kwa mwenye nguvu, akitafuta namna ya kuwatenganisha. Cha kwanza kinaua bila kukusudia, cha pili kinaua kwa kukusudia. Lakini vyote viwili vinapitia mlango mmoja: mtu anayetaka sana kuamini.

Inasemekana Jancsó alilazimika kutamka kwamba filamu yake haihusiani na mambo ya mwaka 1956. Akatamka. Watu wakaenda kuitazama, wakaelewa.

KWA NINI WAKUBWA WANAOGOPA JUKWAA

Na kwetu je? Mwaka 1976 ilipitishwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka huo, ikaweka ukaguzi wa kile ambacho wananchi wataonyeshwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Euphrase Kezilahabi aliandika tamthiliya ya Kaptula la Marx, inayowacheka viongozi waliovaa kaptula ya mawazo isiyowatosha. Ilichapishwa mwaka 1999. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi. Mchezo wa kuigiza hauna bunduki, kwa nini usubiri muda wote huo? Kwa sababu mwigizaji wa jukwaani anakuambia mapema kwamba anaigiza. Ukishajifunza kuona uigizaji wake, utaanza kuuona na wa mheshimiwa.

Hapa nina malalamiko kwetu sisi watu wa Singida. Kila wiki vijana wanakwenda Uwanja wa Liti kutazama mpira, uwanja uliokuwa ukiitwa Namfua. Wangapi wanajua Liti ni nani? Wazee husimulia kwamba alikuwa mwanamke wa Kinyaturu aliyewakabili Wajerumani mnamo mwaka 1908, na kwamba silaha yake ilikuwa nyuki. Mkoa huu unasifika kwa asali, lakini mchezo wa kuigiza juu ya huyo mama sijapata kuuona, wala filamu. Tunamjua Rambo, hatumjui Liti.

Ningekuwa na uwezo ningeuandika mimi. Ningeuliza swali moja tu: tofauti ya nyuki na maji ni nini? Nyuki anauma kweli. Huhitaji kumwamini. Anayekuongoza vitani akupe kitu kinachouma hata kwa mtu asiyeamini. Umoja unauma. Hesabu zilizowekwa wazi zinauma. Wakala wa kituo cha kura anayekaa hadi karatasi ya mwisho ihesabiwe anauma. Fulana haiumi.

NA SISI TUNA VIBUYU VYETU

Sasa nasema neno ambalo mhariri wangu anaweza kulikata, lakini nyinyi mtakuwa mmelisikia.

Ni rahisi kusimama hapa kuwasema walio madarakani. Mngenipigia makofi tukaenda kulala. Lakini na sisi tunaodai mabadiliko tuna vibuyu vyetu. Tunapowaambia watu kwamba siku tukishinda, asubuhi yake ajira zitamwagika kama mvua ya masika, hayo ni maji. Tunapomfanya kiongozi mmoja aonekane ametoka mtoni bila kulowa, hayo ni maji. Na kijana akiuliza fedha za michango zimekwenda wapi, tukamwita msaliti aliyetumwa, basi tumeshageuka wakuu wa kambi ya uwandani, tunamnyooshea mwenzetu kidole ili tushangiliwe.

Msaliti ni nani, ndugu zangu? Tumezoea kusema ni yule aliyehama chama au aliyepokea bahasha. Sawa, huyo yupo. Lakini mimi nilimsaliti rafiki yangu bila kupokea hata shilingi. Niliona daftari la pili, nikanyamaza. Kinjeketile walau alijaribu kusema subirini. Mimi sikujaribu. Kama ningemwambia, "Ndugu yangu, usiuze kuku," leo pengine angekuwa hapa ukumbini, ananizomea kwa kuzungumza muda mrefu.

Atakayekuambia kwamba kuuliza kunavunja umoja, mwulize umoja huo umejengwa juu ya nini. Umoja uliovunjwa na swali moja usingeistahimili bombomu.

Lakini sikilizeni na upande wa pili, msije mkatoka hapa mkisema yule mwandishi katuambia siasa zote ni uongo, tukalale. Hapana! Hilo ndilo neno alilolitaka yule afisa wa Kijerumani. Watakuja kwenu watu laini, watasema: mnaona, mlidanganywa, kwa hiyo mlikosea kudai. Mjibuni kama Kinjeketile. Maji yalikuwa uongo, njaa haikuwa uongo. Pamba ya kulazimishwa haikuwa uongo. Daftari lilikuwa uongo, lakini haki ya kijana kupata mtaji haikuwa uongo, na bado tunaidai.

Kwa hiyo nawaachia kazi ndogo. Tafuteni kile kitabu, kisomwe kijiweni kwa sauti, kila mmoja achukue sehemu yake. Mmoja awe Kitunda, mmoja awe Kinjeketile, mmoja awe yule afisa. Mkifika mwisho, kila mmoja ajiulize yeye huwa ni nani siku ya mkutano wa hadhara.

Na akija mtu na kibuyu, awe wa kwao au wa kwetu, mpokeeni kwa heshima, mpeni kiti, mpeni na mahindi ya kuchoma. Kisha mwombeni aonyeshe daftari la mwaka jana.